Bei ya Uniti Ndiyo Inayoamua Kama Pampu ya Joto Itafungwa
Hotuba kwa Waswahili wenye nyumba na wapangaji nchini Uingereza

Wazee wetu, mabibi na mabwana, ndugu zangu wote, habari za jioni na ahsanteni kwa kuja.

Mada ni pampu za joto, lakini tutaanza na bili. Kufunga mtambo wenyewe hakuogopeshi tena kama zamani. Ruzuku ya serikali ya kubadilisha boila ilianza Mei 2022, na Oktoba 2023 ikapandishwa hadi pauni 7,500 kwa England na Wales. Scotland ina ruzuku yake pamoja na mkopo usio na riba. VAT kwenye ufungaji ni sifuri hadi Machi 2027. Kinachowarudisha watu nyuma ni swali la mwenye nyumba anayeshika daftari la matumizi: kila mwezi nitalipa kiasi gani? Fundi hawezi kulijibu peke yake, maana nusu ya jibu anayo anayepanga bei ya umeme.

Kwanza tuuelewe mtambo kwa ufupi. Pampu ya joto ni friji iliyogeuzwa: inachota joto la nje, hata siku ya baridi kali, inalikandamiza kwa kompresa na kulimwaga kwenye maji ya radieta na tangi. Kwa kila uniti moja ya umeme, yaani kilowati moja kwa saa moja, inatoa uniti tatu za joto, pengine nne ikifungwa vizuri, pengine mbili na nusu ikifungwa ovyo. Hesabu hii ni ya wastani wa mwaka mzima. Ile tarakimu kubwa ya kwenye kipeperushi hupimwa siku ya hali ya hewa nzuri, msiikimbilie.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue bei kikomo ya Ofgem, msimamizi wa soko la nishati, ya robo ya mwisho ya 2024: umeme peni 24.50 kwa uniti, gesi peni 6.24. Umeme ulikuwa karibu mara nne ya gesi. Chukua nyumba inayohitaji uniti 12,000 za joto kwa mwaka, radieta na maji ya kuoga pamoja. Boila inayofanya kazi kwa asilimia 85 itachoma uniti kama 14,100 za gesi, yaani karibu pauni 880. Pampu ya tatu kwa moja itakula uniti 4,000 za umeme, pauni 980. Umetumia theluthi ya nishati na bado umelipa pauni 100 zaidi! Ukikata gesi kabisa unaokoa ada ya kila siku ya gesi, ambayo kipindi hicho ilikuwa zaidi ya pauni 115 kwa mwaka, na hapo ndipo unapata unafuu mdogo. Pampu ya tatu na nusu kwa moja inashuka hadi pauni 840. Ile ya mbili na nusu inakupeleka kwenye pauni 1,176, na mwenye nyumba hiyo ndiye anayewahadithia majirani kwamba pampu za joto ni wizi.

Lakini mtambo uleule, nyumba ileile, ukiuziwa umeme kwa wastani wa peni 18, pampu ya tatu kwa moja inakuwa pauni 720. Hata ile iliyofungwa ovyo inakuwa pauni 864, chini ya boila. Hilo la mwisho lina hatari yake, kwa sababu bei nzuri huficha kazi mbaya ya fundi. Hata hivyo mnaona ukubwa wa jambo: kubadilisha bei kunafanya kazi kubwa kuliko karibu kila kitu unachoweza kubadilisha kwenye mtambo.

Kwa nini umeme umekuwa ghali hivyo mbele ya gesi? Sehemu ni gharama ya kuuzalisha, na sehemu ni tozo. Kwa miaka mingi gharama za kusaidia nishati jadidifu, kuanzia mpango wa 2002 na ule wa sola za mapaani wa 2010, zilibandikwa kwenye bili ya umeme, wakati gesi ikipita na mzigo mwepesi. Bajeti ya Novemba 2025 ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2026, kwa miaka mitatu, sehemu kubwa ya tozo ya ule mpango wa 2002 itabebwa na hazina ya serikali badala ya bili za majumbani. Ni hatua nzuri, lakini inamshushia kila mtu sawasawa, mwenye pampu na asiye nayo. Pengo kati ya umeme na gesi linapungua bila kuzibika, kwa hiyo bei maalumu bado ina kazi.

Bei maalumu si jambo geni. Economy 7 ipo tangu 1978: saa saba za usiku kwa bei ya chini, ili watu wajaze joto kwenye matofali ya hita za akiba. Hata nyumbani Afrika Mashariki wazo hili lipo. Uganda imeweka bei nafuu ya kupikia kwa familia inayovuka uniti 80 kwa mwezi, hadi 150, ili watu wawe na sababu ya kuacha mkaa. Economy 7 ndiyo isiyofaa kwa pampu ya joto. Pampu inapenda kwenda polepole mchana na usiku, na usiku ndipo nje kuna baridi zaidi. Vilevile mita nyingi za zamani za mpango huo hazibadilishi saa Machi na Oktoba, hivyo kiangazi chote saa za nafuu zinasogea kwa saa nzima na wengi hawajui.

Mipango mipya iko ya aina mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Aina ya kwanza inabadilisha bei ya nyumba nzima kwa saa. Mfano unaojulikana ni Cosy, mpango wa kampuni ya umeme ya Octopus Energy. Ina vipindi vitatu vya nafuu: saa kumi alfajiri hadi saa moja asubuhi, saa saba mchana hadi saa kumi jioni, na saa nne usiku hadi saa sita. Saa kumi jioni hadi saa moja usiku bei inapaa. Tahadhari ndogo kwa sisi tunaohesabu saa Kiswahili: kwenye kidhibiti cha pampu hiyo saa kumi jioni imeandikwa 16:00. Ukiweka 10:00 umezima pampu katikati ya asubuhi na kuiacha ikinguruma wakati umeme ni ghali kuliko wakati wowote.

Aina ya pili inapima umeme wa pampu peke yake na kuuza uniti hizo kwa bei ya chini saa zote. Kampuni ya umeme ya OVO walipoanza mpango wao wa namna hii, bei ya uniti za pampu ilikuwa peni 15. Kwa nyumba yetu ya mfano, uniti 4,000 ni pauni 600. Huhitaji kuamka usiku, huhitaji kubadili saa ya kupika. Ubaya wake ni kwamba kampuni inachagua mitambo ya watengenezaji fulani ambayo mita zake kampuni inaweza kuzisoma, na pampu isiyo kwenye orodha haiingii.

Tukae kidogo kwenye aina ya kwanza, maana ndiyo inayowachanganya watu. Tuseme bei ya nafuu ni peni 13, ya kawaida 26, ya jioni 40. Hizi ni za mfano tu, zenyewe hutofautiana kwa eneo na kwa msimu. Pampu ikitumia umeme sawasawa saa zote 24, itapata saa nane za nafuu, 13 za kawaida na tatu za ghali. Wastani unatoka peni 23.4. Ulikuwa unalipa 24.5, kwa hiyo umesaini mkataba mpya kwa ajili ya peni moja. Lakini ukifanikiwa kusukuma nusu ya matumizi kwenye saa za nafuu na kubakiza asilimia nne tu kwenye saa za ghali, wastani unashuka hadi kama peni 20. Kwa uniti 4,000 hiyo ni zaidi ya pauni 170 kwa mwaka. Faida yote ya mpango wa saa inatokana na kuhamisha matumizi, na nyumba isiyoweza kuhamisha isijisumbue nao.

Je, nyumba yako inaweza? Anza na tangi la maji ya moto, kwa sababu ndilo rahisi. Kupasha lita 200 kutoka nyuzi 15 hadi 50 kunahitaji uniti kama nane za joto, ambazo pampu inazipata kwa uniti tatu za umeme. Kwa peni 13 ni chini ya peni 40. Kwa bei ya jioni ni pauni moja na peni 20, kwa maji yaleyale. Liwekee ratiba kati ya saa saba mchana na saa kumi jioni, wakati nje kuna vuguvugu kuliko usiku na kompresa haitaabiki. Familia kubwa inaweza kuongeza mzunguko wa pili saa kumi alfajiri. Ule mzunguko wa kupandisha tangi hadi nyuzi 60 kwa ajili ya kuua bakteria wa legionela, ambao mafundi wengi huuweka mara moja kwa wiki, nao uhamishieni huko. Mara nyingi hutumia hita ya umeme iliyo ndani ya tangi, na hita hiyo ni moja kwa moja: uniti ya umeme, uniti ya joto, basi.

Radieta zinataka akili zaidi. Lengo ni kuingia saa kumi jioni nyumba ikiwa imeshapata joto, halafu kuiacha ipoe taratibu hadi saa moja usiku. Nyumba ya matofali mazito, iliyozibwa vizuri darini na madirishani, ikiwa nje ni nyuzi tano, itashuka nyuzi moja hadi moja na nusu kwa saa hizo tatu. Kwa hiyo ipandishe nyuzi moja kati ya saa nane na saa kumi, kisha shusha mpangilio nyuzi mbili hadi saa moja usiku. Kama ni chumba kilichoongezwa kwa mbao na bati, au dirisha linapitisha upepo, kitashuka mara mbili ya hapo na bibi atataka hita ya plagi. Hita ya plagi ya kilowati mbili, saa tatu, kwa peni 40, ni pauni mbili na peni 40 kwa jioni moja. Faida ya siku kadhaa imekwenda.

Kosa tunalolikuta zaidi kwa wateja linatokana na tamaa. Mtu anazima pampu kabisa katika saa zote zisizo za nafuu, nyumba inapoa nyuzi nne au tano, halafu saa ya nafuu ikifika anadai joto lote lirudi ndani ya saa tatu. Pampu ili itii inapandisha maji ya radieta kutoka nyuzi 40 hadi 55. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi moja unayopandisha maji inakula asilimia mbili hivi ya ufanisi, kwa hiyo nyuzi 15 zimekula karibu theluthi. Mitambo mingine ikizidiwa inawasha hita ya dharura ya umeme, na mwenye nyumba hajui mpaka bili ije. Kabla hujagusa ratiba yoyote, mwambie fundi akuoneshe mahali pa kuzima hita hiyo au pa kuichelewesha, na akuwekee mpangilio wa kufuata hali ya hewa: nje kukiwa na baridi maji yapande, kukiwa na vuguvugu yashuke yenyewe. Bila mpangilio huo, bei maalumu inamwagwa kwenye ndoo iliyotoboka.

Kosa la pili liko jikoni. Mpango wa saa unahusu nyumba nzima, na aliyekata gesi ili kuokoa ada ya kila siku anapika kwa umeme. Ramadhani ya 2026 imeangukia Februari na Machi, magharibi ya London ikiwa kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili na kidogo, kwa hiyo futari nzima inapikwa ndani ya saa za ghali. Kupika kwa uniti tatu, kwa tofauti ya peni 14 juu ya bei ya kawaida, ni kama peni 42 kwa siku, pauni 12 na ushee kwa mwezi. Si msiba, lakini maharage na nyama vinaweza kuchemshwa saa tisa na jioni yakabaki mambo ya kukaanga. Daku ya saa kumi alfajiri, kwa bahati nzuri, inaangukia kwenye nafuu.

Tutoke Uingereza kidogo. Ujerumani ilikuwa na utaratibu wa muda mrefu ambapo kampuni ya nyaya iliweza kuikatia pampu umeme hadi mara tatu kwa siku, saa mbili kila mara, na mteja akapata bei ya chini. Tangu 1 Januari 2024, chini ya kifungu cha 14a cha sheria yao ya nishati, pampu mpya yenye nguvu zaidi ya kilowati 4.2 haikatwi tena. Gridi ikielemewa inapunguzwa kwa muda, isishuke chini ya kilowati 4.2. Mwenye nyumba anachagua malipo yake: punguzo la jumla kwa mwaka, au, akiwa na mita ya pili ya pampu, gharama ya nyaya kwa kila uniti inashuka kwa asilimia 60. Tangu Aprili 2025 anayechukua punguzo la jumla anaweza kuongeza ada ya nyaya inayobadilika kwa saa. Tunaupenda utaratibu huu kwa sababu uko wazi: unaipunguzia gridi mzigo, inakulipa. Udhaifu wake ni mita ya pili. Inataka nafasi kwenye boksi, fundi wa umeme na ada yake ya mwaka, na pampu ndogo inayokula uniti 2,500 haiirudishi gharama hiyo haraka.

Massachusetts nchini Marekani walikwenda njia nyingine kabisa. Gridi yao inaelemewa kiangazi kwa sababu ya viyoyozi, na majira ya baridi nyaya zina nafasi. Hivyo kampuni za huko zinapunguza ada ya usambazaji kwa nyumba zenye pampu kuanzia 1 Novemba hadi 30 Aprili: Unitil ilianza 2024, National Grid na Eversource wakafuata 2025. Hakuna kuangalia saa. Hoja yao ni kwamba aliyehamia kwenye pampu anatumia uniti nyingi wakati ambao hazimgharimu mwenye nyaya nyongeza yoyote, na kumtoza ada kamili ni kumlipisha mara mbili. Hapa Uingereza huwezi kuinakili hivyohivyo, maana kilele chetu cha matumizi ya umeme ni jioni za baridi zenyewe.

Maoni yetu, basi. Kwa familia ya kawaida, yenye watoto wanaorudi kutoka shule saa tisa na nusu na mzee anayekaa nyumbani, bei ya chini kwa uniti za pampu peke yake ni bora kuliko mpango wa saa. Mpango wa saa unamtunuku mwenye tangi kubwa, nyumba iliyozibwa na betri ukutani, yaani mtu ambaye angefunga pampu hata bila kubembelezwa. Kinachotakiwa ni punguzo la uniti za pampu, lenye sharti moja: kati ya saa kumi jioni na saa moja usiku kampuni iruhusiwe kuipunguza nguvu kwa mbali, ndani ya mpaka wa nyuzi aliouweka mwenye nyumba. Hapo punguzo lina haki. Pampu inayokwepa kilele inapunguza haja ya kuongeza nyaya na transfoma, na jirani mwenye boila hamlipii mtu. Pampu isiyokwepa kilele ikipewa punguzo, anayelipa tofauti ni jirani huyo, na mara nyingi ndiye mwenye kipato kidogo.

Jambo jingine ambalo wapanga bei wanalisahau: pampu zote za mtaa zikingojea saa moja usiku kamili, kilele kimehama tu. Kwa chaja za magari ya umeme, Uingereza iliweka sharti la kuchelewesha uwashaji kwa dakika za kubahatisha, hadi kumi. Pampu nazo zinahitaji hivyo. Wewe binafsi weka saa moja na dakika saba, au na kumi na tatu, hukosi kitu.

Kwa wapangaji, ambao ni wengi humu: pampu ni ya mwenye nyumba lakini bili ni yako, na kama bili iko kwa jina lako una haki ya kuchagua kampuni ya umeme. Muulize kama kuna mita janja na kama inatuma usomaji wa kila nusu saa, kwa sababu bila usomaji huo hakuna mpango wa saa. Kwenye ghorofa za chini ya ardhi na vijijini mita nyingi hazipati mtandao. Wenye mita za kulipia kabla, za mtindo wa LUKU, mipango mingi ya aina hii haiwapokei. Kampuni ikikataa, omba kuhamishiwa kwenye malipo ya mwezi kwanza. Wataangalia kama una deni.

Na ukitaka kujaribu mpango wa saa, jaribu Oktoba. Soma mita ya pampu kila Jumapili kwa wiki nne, andika uniti za kila kipindi, gawanya pesa kwa uniti upate wastani wako halisi, ulinganishe na bei ya kawaida ya eneo lako. Muulize muuzaji kabla ya kusaini kama kuna faini ya kujitoa. Ukigundua tatizo mwezi Oktoba unalirekebisha kwa ratiba na mpangilio wa maji. Ukilingojea Januari, uniti unazozitumia kwa siku moja zinaweza kuwa mara mbili au tatu ya zile za Oktoba, na kila siku ya kusitasita inaingia kwenye bili.